Kijana wa miaka 16 anataka kuacha shule akajifunze umeme: nimruhusu?

"Mwalimu, habari za kazi. Kijana wangu ana miaka 16, yuko sekondari na amebakiza mwaka mmoja na miezi kidogo amalize. Darasani yuko katikati, si wa kwanza wala si wa mwisho, ila mikono yake ina akili. Pasi ikigoma au redio ikizima, yeye ndiye tunayemwita. Sasa anasema shule inampotezea muda, anataka kwenda kujifunza umeme wa majumbani. Kuna fundi anayeheshimika amekubali kumchukua kwa miaka 3, bila posho na bila kuandikishana. Amesema, 'Atajifunza kwa kuangalia, kama nilivyojifunza mimi.' Baba yake hataki hata kusikia, anasema ufundi ni wa walioshindwa shule. Nikimkatalia kijana naogopa ataichukia shule kabisa. Nikimruhusu naogopa nitakuwa nimemfungia milango. Nifanye nini?"

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye neno lako la mwisho, milango. Huogopi umeme, wala hudharau fundi. Unaogopa kwamba uamuzi wa mwezi huu utamfuata mwanao akiwa na miaka 40. Ni hofu ya haki, na sitaipuuza.

Jibu langu ni hili. Amalize shule. Umeme auanze sasa, lakini wakati wa likizo. Na usimkabidhi kwa fundi huyo kwa masharti aliyoyataja, hata kama ni mtu mwema. Kinachomfungia kijana milango si ufundi. Ni makubaliano yasiyosema atafundishwa nini, kwa muda gani, na akimaliza atatoka na nini mkononi.

Nianze na baba yake, kwa sababu anachosema kina mizizi. Katika shule nyingi, waliopelekwa karakana ni wale waliokuwa wamefeli mtihani. Watu wakaona kundi lile likiingia mlango ule, wakahitimisha kwamba mlango wenyewe ndio wa kushindwa. Mahali ambapo mambo yamepangwa vingine, picha ni tofauti. Uswisi, takriban theluthi mbili ya vijana wanaomaliza elimu ya lazima huingia mafunzo ya ufundi, wengi wao kwa mkataba na mwajiri. Na tangu miaka ya 1990 mwanagenzi wa huko, yaani kijana anayejifunza kazi kwa fundi au mwajiri, anaweza kusomea pia cheti cha ziada kinachompeleka moja kwa moja kwenye vyuo vikuu vya sayansi tumizi. Hakuna anayemwita aliyeshindwa, kwa sababu kila mtu anaona ngazi inaendelea kupanda.

Kisha mwambie baba yake aangalie kazi yenyewe. Hita ya wati 2,300 kwenye umeme wa volti 230 inavuta ampea 10. Hesabu hiyo ni ya kugawanya tu. Lakini mwenye nyumba akiongeza hita ya pili kwenye waya uleule, mkondo unakuwa mara 2, na joto ndani ya waya halipandi mara 2, linapanda mara 4, kwa sababu joto hufuata kipeo cha pili cha mkondo. Fundi asiyejua hilo hufunga waya mwembamba, taa zinawaka, anapokea hela yake na kuondoka. Nyumba inaungua baadaye, mafuta ya taa yakilaumiwa au paka. Ni hesabu na fizikia zilezile ambazo baba anataka mtoto azisome. Huyo kijana wako anayesema shule inampotezea muda naye anahitaji kusikia hili, tena alisikie kutoka kwa fundi umeme, si kutoka kwa mama. Likitoka kwako ataliona ni ujanja wa kumrudisha darasani.

Sasa hili la kujifunza kwa kuangalia. Wengi waliosoma vyuoni hulicheka, nami silicheki. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Jean Lave, katika miaka ya 1970 alikaa na mafundi cherehani wa Liberia akafuatilia jinsi wanagenzi wao wanavyojifunza. Aligundua kwamba mafunzo yanakwenda kinyume na utengenezaji wa nguo. Nguo huanza kwa kukatwa, kisha kushonwa, kisha kumaliziwa. Mwanagenzi huanza mwisho, yaani vifungo na pindo. Akishazoea hapo anapewa kushona vipande, na kukata kitambaa ndiko kunakuja mwishoni kabisa. Nayo huanza na nguo ndogo ndogo, suti anaifikia baada ya muda mrefu. Ukitazama haraka utasema kijana ananyonywa, ametwishwa vifungo tu. Ukweli ni kwamba kifungo kikikosewa kinakatwa na kushonwa tena, kitambaa kikikatwa vibaya kimepotea. Kuna mtaala pale, ila haujaandikwa popote.

Umeme una ngazi ya namna hiyo. Kijana huanza kwa kubeba vifaa na kutindua ukuta ili mabomba ya nyaya yapite. Anahamia kuvuta nyaya, anafuata kufunga swichi na soketi, kisha boksi la kugawia umeme. Kilele chake ni kupima na kutafuta hitilafu, na hapo ndipo fundi anapojulikana, kwa sababu waya kila mtu anavuta. Kwa hiyo mwanao akitumwa kutindua ukuta mwezi wa kwanza, usilalamike. Lalamika akiwa bado anatindua mwaka wa pili.

Na hilo hutokea mno. Aliwahi kunijia kijana aliyekaa karakana ya magari miaka 2 na nusu. Nikamuuliza amefungua injini ngapi. Akanyamaza, kisha akasema ameosha vipuri na kufungua matairi, basi. Alikuwa hodari, hakuwa mvivu. Hapakuwa na mtu aliyekuwa na wajibu wa kumpandisha ngazi, na yeye hakuwa na karatasi ya kumkumbusha mwenye karakana kwamba aliahidi. Nilimrudisha mwanzo pamoja na wavulana wadogo kwake kwa miaka mitatu, na aliumia kwa hilo kuliko alivyoonyesha.

Ili uelewe kwa nini hali hii hutokea hata kwa fundi asiye na roho mbaya, tazama hesabu ya upande wake. Miezi ya mwanzo mwanagenzi ni gharama. Anaharibu vifaa, na fundi anaacha kazi yake ili amwelekeze. Baadaye anaanza kuzalisha, na kadiri anavyokaribia mwisho ndivyo anavyofanya kazi karibu sawa na fundi kamili kwa malipo madogo. Hapo ndipo fundi anapojirudishia alichotoa mwanzoni. Watafiti wameipima hesabu hii Uswisi, wakaona kampuni nyingi hujirudishia gharama kabla mkataba haujaisha. Ujerumani, kwa wastani, kampuni humaliza mkataba zikiwa bado zimetoa kuliko zilivyopata, na faida yao huja pale kijana anapobaki kama mfanyakazi kamili. Katika nchi zote mbili malipo ya mwanagenzi hupanda kila mwaka, kufuata ujuzi wake unavyopanda.

Chukua hesabu hiyo uiweke juu ya ahadi ya fundi wako, miaka 3 bila chochote. Mwaka wa kwanza bila posho naweza kuuelewa mahali ambapo hakuna utaratibu wa malipo, japo angalau nauli na chakula vingetoka kwake. Mwaka wa tatu siuelewi. Wakati huo mwanao atakuwa anafunga nyumba nzima, mwenye nyumba analipa, na kijana anarudi kwako kuomba nauli ya kesho. Na faida ikishakaa hivyo, kila sababu ya kumfundisha kitu kipya inapungua, kwa kuwa akijua kila kitu ataondoka.

Kuna na suala la umri, ambalo naona halikutajwa na yeyote nyumbani kwenu. Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka miaka 18 kuwa umri wa chini kwa kazi za hatari. Unaruhusu kuanzia 16 pale tu ambapo afya na usalama wa kijana vimelindwa kikamilifu na amepata mafunzo mahsusi ya kazi hiyo. Umeme ulio hai ni kazi ya hatari, hakuna mjadala. Mwaka 2023 shirika hilohilo likapitisha Pendekezo Na. 208 linalohusu uanagenzi tu. Linazungumzia makubaliano ya maandishi, malipo yanayostahili, saa za kazi, likizo, bima ya ajali na cheti kinachotambulika mwishoni. Pendekezo si sheria, lakini ni kipimo kizuri cha kulinganisha na unachoahidiwa. Sheria ya nchi yako ndiyo yenye neno la mwisho, na ofisi ya kazi iliyo karibu nawe itakusomea.

Njia zilizopo mbele yenu ni zipi basi? Watu hudhani ni mbili, shule au karakana. Ziko zaidi, na hakuna isiyo na kasoro.

Chuo cha ufundi cha kutwa au bweni kinatoa nadharia iliyopangika na cheti ambacho mwajiri asiyemjua mwanao anaweza kukiamini. Kasoro yake huwa kwenye vitendo. Nimeona vyuo ambako wanafunzi 20 wanazunguka ubao mmoja wa mafunzo na kila mmoja anashika plaizi dakika chache kwa wiki. Ukienda kuuliza chuo, usiishie ofisini ukapewa kipeperushi. Omba kuingia karakana wakati wa somo. Tazama vumbi. Mashine yenye vumbi haifundishi. Uliza saa za vitendo kwa wiki, uliza wanafunzi hupelekwa kwa waajiri gani na kwa wiki ngapi, kisha uliza cheti kinatolewa na chuo chenyewe au na mamlaka ya taifa ya mitihani. Swali la mwisho ndilo kubwa kuliko yote.

Njia ya pili ni uanagenzi rasmi, yaani mkataba na mwajiri huku siku kadhaa kijana akisoma. Ujerumani, ambako utaratibu huu una sheria yake tangu 1969, mwanagenzi hukaa kazini siku 3 au 4 kwa wiki na siku 1 au 2 shuleni, kwa miaka 2 hadi 3 na nusu. Marekani, mpango uliosajiliwa unataka angalau saa 2,000 za kazi, na unapendekeza saa 144 za masomo kwa kila mwaka. Mafundi umeme wa huko kwa kawaida huenda miaka 4 hadi 5. Nakupa tarakimu hizi ili uone kwamba hata pale kazini panapoitwa ndiyo shule, bado darasa halifutwi. Kama uanagenzi wa namna hiyo upo mnapoishi, kwangu ndio chaguo la kwanza baada ya kumaliza sekondari. Udhaifu wake ni kwamba nafasi ni chache na zinagombewa, na mwajiri akiyumba kibiashara mwanagenzi naye anayumba.

Karakana ya mtaani, ile uliyopewa, ina uzuri ambao vyuo vingi havina. Kuna wateja halisi wenye hasira halisi, kuna kukadiria bei, kuna kumweleza mtu kwa nini kazi imechelewa. Inategemea mtu mmoja kwa kila kitu, na anachokijua huyo ndicho kikomo cha kijana. Kama hajawahi kugusa sola au vifaa vya kupimia vya kisasa, mwanao naye hatavigusa.

Nchi nyingi zina njia ya nne ambayo haitangazwi ipasavyo, nayo ni kutathmini na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyefundishwa mtaani anapimwa kwa vitendo na mamlaka husika, akifaulu anapewa cheti sawa na cha aliyesoma chuoni. Huyo fundi wenu mwenyewe huenda angefaidika nayo. Mwulize kwa heshima kama anacho cheti, kwa maana fundi asiye na leseni mahali panapohitaji leseni hawezi kumsainia mwanao kazi aliyoifanya.

Niseme pia upande ambao sisi tunaopigia debe ufundi hatupendi kuusema. Mwaka 2017 mwanauchumi wa Marekani, Eric Hanushek, na wenzake walichapisha utafiti uliotumia takwimu za nchi 11. Waliosomea ufundi waliingia kazini kwa urahisi zaidi ujanani, lakini faida hiyo ilipungua umri ulivyosonga, na waliosoma elimu ya jumla walishikilia ajira vizuri zaidi uzeeni. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi katika nchi zenye uanagenzi mpana. Maelezo yao ni kwamba ujuzi mahsusi huzeeka teknolojia inapobadilika, na mwenye msingi mpana hujifunza upya kwa urahisi. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kusema amalize sekondari. Mwaka mmoja na miezi kidogo ni gharama ndogo kwa kitu kitakachomwezesha kusoma mwongozo wa kifaa ambacho leo hakijabuniwa.

Ila kama hali nyumbani ni kwamba ada imeshindikana kabisa, au kijana tayari anatoroka shule na hakuna anayemrudisha, ushauri wangu unabadilika. Uanagenzi wenye maandishi, pamoja na masomo ya jioni, unashinda mwaka wa kukaa kwenye benchi akiwa na kinyongo. Barua yako hainionyeshi mmefika huko.

Basi rudi kwa fundi, na uende na kijana na baba yake kama atakubali. Usiende kugombana. Mwambie unashukuru kwa kumpokea, na unaomba aanze likizo hii, mwezi mmoja, ili wajuane. Mkubaliane kwa maandishi, ukurasa mmoja unatosha. Uandike saa za kuingia na kutoka, nani anatoa glavu, buti na miwani, na kwamba hatagusa laini yenye umeme wala kuachwa peke yake kwenye kazi. Uandike nani anagharamia matibabu akiumia. Kijana awe na daftari. Kila jioni anaandika alichofanya kwa mkono wake, si alichoona, na fundi anaweka sahihi kila wiki. Baada ya likizo mbili au tatu daftari hilo litakuambia ukweli ambao hakuna mtu atakuambia. Likiwa na "kutindua ukuta" kurasa zote, utajua. Likionyesha ngazi inapanda, utakuwa na fundi wa kuzungumza naye mkataba kamili siku matokeo ya shule yakitoka, wenye ratiba ya kazi atakazopitia na posho inayoongezeka kila mwaka.

Fundi akikataa kuandika hata ukurasa mmoja wa mwezi mmoja, ondokeni kwa adabu. Wapo wengine.

Mambo machache hayafai kusubiri barua. Kijana akipigwa, akidaiwa pesa kwa kuvunja kifaa, au akituma ujumbe kwamba ameachwa juu ya dari peke yake na umeme haujazimwa, mtoe siku hiyohiyo, kisha nenda ofisi ya kazi. Akipigwa na umeme akazimia, akahisi moyo unakwenda mbio, au akapata hata alama ndogo ya kuungua pale umeme ulipoingia, apelekwe hospitali ingawa anasema yuko sawa, maana madhara ya ndani hayaonekani kwenye ngozi. Na kuhusu uchaguzi wa masomo ya mwaka uliobaki, mwalimu wa ushauri shuleni kwake atakusaidia kuliko mimi, kwa sababu ameona madaftari yake. Mwulize masomo gani yanatakiwa na vyuo vya umeme vya kwenu, yasije yakaachwa kwa kutojua.

La mwisho, na nashangaa jinsi linavyosahauliwa. Mpime macho, hasa rangi. Upofu wa rangi nyekundu na kijani huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, kwa kuwa hurithiwa kupitia kromosomu ya X, na mtu anaweza kufika utu uzima bila kujua anao. Nyaya za umeme hutambuliwa kwa rangi. Katika mfumo unaotumika nchi nyingi sasa, kahawia ndiyo yenye umeme, na kijani yenye mstari wa njano ni ya ardhi. Nimewahi kumwona mwanafunzi wa mwaka wa pili, hodari, akigundua mbele ya boksi lililo wazi kwamba haioni tofauti ambayo wenzake wote wanaiona. Kungekuwa na nafasi yake kwenye uchomeleaji, useremala au ufundi bomba, na angeijua mapema. Kipimo chenyewe ni kusoma tarakimu ndani ya vidoa vya rangi, hakizidi dakika chache kwa mtaalamu wa macho. Mpeleke wiki hii, kabla hamjarudi kwa fundi.